Nimevunjika mkono, sasa wanangu wananibeba kama yai

Salaam mwanangu,

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 68, naishi Ngamiani hapa Tanga katika nyumba tuliyojenga na marehemu mume wangu. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 31, kwa hiyo nimezoea mambo kwa mpangilio, lakini leo utaniwia radhi. Yamechanganyika.

Mwezi wa pili niliamka saa kumi usiku kwenda chooni. Choo chetu kiko uani. Umeme ulikuwa umekatika, simu niliiacha kitandani, na ndala nilizovaa zimelika soli mpaka zinateleza kama sabuni. Nilipofika pale penye bomba mguu ukanikimbia, nikatanguliza mkono wa kulia. Mlio niliusikia, kama ukuni mkavu. Picha ilionyesha nimevunjika karibu na kifundo cha mkono, nikafungwa hogo wiki sita.

Hogo limetolewa, hii ni wiki ya tano. Nilidhani likitoka nimepona. Kumbe! Vidole havikunjiki mpaka mwisho, kata ya maji siishiki, nazi sikuni, khanga nafungwa na mtu kama bi harusi. Bega nalo limekamata, na wala halikuvunjika. Siku ya kutoa hogo niliambiwa, "Umepona mama, nenda nyumbani," basi, hakuna aliyenionyesha zoezi hata moja. Sasa jirani ananishawishi niende kwa mkandaji anayenyoosha mifupa kwa mafuta na kuvuta.

Lakini hilo ni dogo. Mwanangu wa kwanza yuko Dar es Salaam. Alipanda basi siku ile ile, na tangu afike nimekuwa mgonjwa kwa amri. Kaniletea binti wa kazi, mtoto mzuri, sina neno naye, ila kaagizwa asinibanduke. Kwenda Mgandini sokoni nimekatazwa. Kupika nimekatazwa. Kuna watoto saba wa mtaani niliokuwa nawafundisha kusoma barazani jioni, nao wameambiwa bibi anapumzika. Nakaa kwenye kochi tangu asubuhi mpaka Isha. Hata kuswali naswali kwenye kiti. Mwanangu akipiga simu swali ni moja: "Mama, umekaa?" Sasa anataka nihamie kwake, ghorofa ya tatu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki mbili zilizopita binti alipokwenda dukani niliinuka kochini, kizunguzungu kikanishika, nikaanguka tena. Kichwa kiligonga ukingo wa meza, si sana, kilivimba kikanywea. Ila nilikaa sakafuni karibu nusu saa nimeshindwa kuinuka, mkono haunisaidii na miguu kama si yangu. Binti aliporudi nikamwambia natafuta sindano. Mwanangu akilijua hili, kesho yake niko Dar.

Dawa zangu ni za presha aina mbili, moja ya kukojosha, nazinywa pamoja saa tatu usiku nisije nikasahau. Ya maumivu ni diklofenaki kutwa mara mbili, nanunua mwenyewe dukani. Na piritoni usiku nipate usingizi.

Mkono utarudi? Niende kwa mkandaji? Na mwanangu ana haki?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

*

Shikamoo Mwalimu, na pole sana.

Umeuliza maswali matatu, lakini mimi naanza na lile ambalo hukuliuliza. "Kichwa kiligonga, si sana." Mimi ni muuguzi, nilifanya kazi wodi ya mifupa miaka 14, na hilo "si sana" nimejifunza kuliogopa. Kwa mtu mzima damu inaweza kuvuja polepole kati ya ubongo na fuvu, dalili zikaja baada ya wiki kadhaa, wakati uvimbe wa nje umeshasahaulika. Kichwa kikianza kuuma na kuzidi siku hadi siku, ukisinzia mchana kuliko kawaida yako, ukitapika, maneno yakikuchanganya au upande mmoja wa mwili ukilegea, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama unameza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, hata ile aspirini ndogo, usisubiri dalili. Kama hakuna lolote kati ya hayo, nenda hata hivyo wiki hii na useme yote mawili, kuanguka na kujigonga. Dirisha la wazee lipo kwa ajili hiyo.

Ukifika, beba dawa zako zote kwenye mfuko, na hiyo ya dukani pia. Nikikuambia unachoamka kwenda kufanya saa kumi usiku kimetokana na kidonge cha saa tatu, utacheka, lakini ndivyo. Dawa ya kukojosha ukiinywa usiku, usiku ndio itafanya kazi yake. Mwombe daktari aihamishie asubuhi. Usiikatishe mwenyewe, tafadhali. Umwombe pia akupime presha kwa namna ambayo wengi huiruka kwa sababu ya foleni: ulale dakika tano, upimwe, kisha usimame upimwe baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, basi kile kizunguzungu cha kochini tumekipatia jina, na pengine dozi ni ya kuangaliwa upya.

Diklofenaki iweke kando leo. Hupandisha presha, huchuna tumbo, na ikikutana na dawa za presha pamoja na ya kukojosha, figo ndizo zinazobeba mzigo. Parasetamoli ya miligramu 500 inatosha kwa mkono wa wiki hii, viwili kwa mara moja, na kwa umri wako visizidi sita kwa siku. Piritoni nayo ni dawa ya mafua na mwasho. Usingizi inaoleta hauondoki kukicha. Hukaa nawe mpaka asubuhi, mdomo mkavu, kichwa kizito, mguu hauna uhakika. Mtu aliyekaa kochini kutwa nzima hawezi kupata usingizi wa maana usiku, na hapo ndipo nataka tufike. Ila kwanza mkono.

Utarudi, Mwalimu. Pengine hautarudi asilimia mia, ila kata utaishika na khanga utaifunga mwenyewe. Mfupa huunga kwa wiki sita hivi, lakini nyama, mishipa na viungo vilivyofungwa ndani ya hogo havina habari kuwa mfupa umeunga. Nguvu ya kushika huendelea kurudi hata kwa mwaka mzima. Ulipaswa kuambiwa tangu siku ya kwanza uchezeshe vidole na uinue bega kila siku ukiwa na hogo, maana mkono ulioning'inizwa shingoni wiki sita huligandisha bega lisilo na kosa. Hukuambiwa. Nasema kwa niaba ya kazi yangu, samahani.

Sasa hivi weka maji ya vuguvugu kwenye beseni, zamisha mkono dakika kumi, na humo humo majini uanze kazi. Kunja ngumi kadiri inavyokwenda, fungua. Gusisha dole gumba na kila kidole kwa zamu. Kisha egemeza kiwiko ubavuni na ugeuze kiganja juu kama unaomba dua, halafu chini kama unafukuza kuku. Hilo la dua litakuwa gumu kuliko yote, kwa sababu ndilo linalopotea kwanza mtu akivunjika pale ulipovunjika, na ukitaka kujua unaendeleaje, litazame hilo. Kwa bega, simama uso kwa ukuta na upandishe vidole taratibu kama buibui, uweke alama ya chaki pale vilipoishia. Fanya kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Maumivu yanayotulia baada ya nusu saa hayana neno. Yakikukesha, jana ulizidisha. Na unga wa maandazi ukande mwenyewe. Sijaona dawa ya vidole ya bei rahisi kuliko hiyo. Nazi isubiri mwezi mmoja zaidi.

Kwa mkandaji wa kuvuta, hapana. Siwadharau, na kuna wanaoijua misuli kuliko sisi tuliosoma. Binti akikupaka mafuta ya nazi na kukusugua vidole polepole, sawa, tena vizuri. Lakini mfupa uliovunjika kwa kuteleza tu hauna unene wa kuvutwa. Ombea rufaa ya fiziotherapia katika hospitali ya mkoa. Kama kadi yako ya bima ya mstaafu ni hai, ulizia wakulipie kwa hiyo. Na rudi upesi kwa daktari ukiona mkono unawaka moto, ngozi inang'aa na kubadilika rangi, mara moto mara baridi. Au dole gumba, cha shahada na cha kati vikifa ganzi hasa usiku. Au dole gumba likikataa ghafla kuinuka.

Nimesema mfupa uliovunjika kwa kuteleza tu. Nilipo mimi, mtu akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, bila gari wala mnazi, swali la kwanza ni kama mifupa yote imepungua uzito. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa huanza kuliwa kimya kimya, na kifundo cha mkono mara nyingi ndicho hutangulia kutoa habari. Nyonga hufuata miaka kadhaa baadaye, na nyonga si mchezo. Kwa hiyo muulize daktari: "Je, natakiwa kupimwa uzito wa mifupa, au nianze dawa?" Kipimo chenyewe kipo hospitali chache kubwa, lakini kwa umri wako na huo mkono, daktari anaweza kuamua hata bila hicho. Kuna kidonge kinachomezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha hulali nusu saa, maana kikikwama kooni kinaunguza. Dagaa kula wazima na mifupa yao. Mtindi pia. Na toka juani. Tangu mwezi wa pili jua umelionea dirishani.

Ndiyo, kochi. Mkono wako haunitishi, Mwalimu. Kochi linanitisha.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jambo ambalo nisingependa kulifanya mwenyewe. Walichukua wazee wenye afya njema, wakawalaza kitandani siku 10. Siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Wewe una wiki 11 kochini. Ile miguu "kama si yangu" uliyoiandika haikuja na uzee, kwa sababu uzee ulikuwa nao Januari ulipokuwa ukienda Mgandini na kurudi na kikapu. Imekuja na kukaa. Na ukikaa kwa kuogopa kuanguka miguu inalegea, ikilegea unaanguka, ukianguka unaogopa zaidi. Nimewaona wazee waliopona nyonga kabisa kwenye picha wakashindwa kurudi nyumbani kwa sababu hiyo tu.

Leo hii chukua kiti cha kulia, kile kigumu, ukiegemeze ukutani. Binti asimame karibu na saa. Mikono ikunje kifuani, usimame wima na ukae, usimame na ukae, kwa sekunde 30, mhesabu. Mwanamke wa miaka 65 hadi 69 akipata chini ya mara 11, miguu yake inahitaji kazi. Usishangae ukipata nne, au ukilazimika kujisukuma na mkono. Iandike hiyo namba na tarehe. Kisha kila siku, asubuhi na alasiri, simama na ukae mara tano, upumzike, mara tano tena, ukiongeza moja moja. Baada ya hapo shika nondo za dirisha kwa mkono wa kushoto, uinuke kwa vidole vya miguu mara kumi, halafu usimame kwa mguu mmoja ukihesabu mpaka pale utakapoyumba. Unaona ni kazi ndogo mno? Mapitio ya mwaka 2019 yaliyokusanya majaribio zaidi ya 100 duniani yaliona mazoezi ya namna hii yanapunguza kuanguka kwa karibu robo. Hakuna kidonge nilichowahi kumpa mzee kikafanya hivyo.

Kuhusu kuswali kwenye kiti, hukumu yake muulize sheikh, mimi nasema ya miguu. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, na kila rakaa ina sijida mbili. Uliposogea kwenye kiti, mwili wako ulinyang'anywa kushuka na kuinuka ambako umekufanya kila siku tangu utotoni. Kisimamo na rukuu virudishe kesho, kiti kikiwa nyuma yako. Sijida iache kitini mpaka kiganja kikubali kubeba uzito, pengine mwezi wa saba. Kiganja chenyewe kitakuambia.

Kuna somo jingine ambalo hatulifundishi, nalo ni kuinuka kutoka sakafuni. Ile nusu saa ndiyo iliyokutisha kuliko kuanguka kwenyewe, sivyo? Tandika mkeka, mwite binti, mfanye zoezi hili mkiwa hamna haraka. Ukiwa chini, kwanza usiinuke. Pumua, ujikague kama kuna panapouma vibaya. Geukia ubavu wa kushoto, kunja magoti, ujisukume kwa kiwiko cha kushoto mpaka upige magoti. Mkono wa kulia usiutumie kiganja, egemea kigasha. Tambaa mpaka kwenye kochi, weka mkono wa kushoto juu yake, tanguliza mguu ulio na nguvu mbele, ujisukume, ugeuke, ukae. Hapo tulia kabla ya kusimama. Ukishindwa mara mbili usijimalize nguvu, jifunike khanga usipate baridi, gonga chochote kinachotoa kelele. Na simu isilale tena kitandani peke yake. Ishonee kifuko cha kuvaa shingoni, au binti akushonee mpaka vidole vikubali sindano. Ile uliyokuwa unaitafuta.

Ya nyumba ni machache. Ndala zile zitupwe leo, ununue sandali zenye mkanda wa nyuma. Fundi aikwaruze saruji ya pale bombani na atie nondo ya kushikilia ukutani mwa choo. Taa ndogo ya sola iwekwe njiani. Usiku weka ndoo yenye mfuniko chumbani; bibi zetu walikuwa nayo na hawakuona haya. Na macho yapimwe, mtoto wa jicho huingia bila hodi.

Nimebakiza la mwanao, nimelikwepa kidogo kwa sababu mimi pia nina mama, yuko Korogwe, na nilipoambiwa kaanguka nilifanya yale yale, tena mimi muuguzi. Nilimpigia kila siku kumuuliza amekaa.

Mwanao ana haki ya kuogopa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi wao ni watu wa rika lako. Hofu yake si ujinga. Lakini kukukalisha hana haki, na tena hajui kwamba anakukalisha mahali pa hatari. Hajui kwa sababu umemficha. Nasema kwa adabu zote, Mwalimu: darasani mtoto akikuficha kidonda ungemwambia nini? Mpigie leo. Umwambie ulianguka mara ya pili, umwambie ni kochini, ukitoka kukaa, palepale anapoamini uko salama. Likitoka kinywani mwako pamoja na mpango mkononi, ni habari ya mtu mzima anayejua anachofanya. Akilisikia kwa binti, kweli kesho yake uko kwenye basi.

Mpango wenyewe ni miezi mitatu. Kila Ijumaa unampigia na namba ya kile kiti, umesimama mara ngapi kwa sekunde 30. Swali la "Mama, umekaa?" limalizike, aulize "Mama, umesimama mara ngapi?" Binti asifukuzwe, abadilishiwe kazi, awe mhesabuji wako na mwenzako wa kwenda sokoni, abebe kikapu yeye, njia uijue wewe. Miezi mitatu ikiisha, mkae muangalie namba ndipo mzungumze habari ya Dar. Ghorofa ya tatu haina ubaya kwa sababu ya ngazi. Ubaya wake ni kwamba kwenye giza la nyumba hiyo hujui ukuta uko wapi, na huku Ngamiani unajua.

Wale watoto saba waite wiki hii. Ubao utundikwe ukutani barazani, juu kidogo ya usawa wa bega lako, na uandike kwa mkono wa kulia. Irabu kwanza, zinatosha.